Mizigo ya Safari ya Pikipiki: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Mtu akiniuliza anunue begi gani la safari ya pikipiki, nami humuuliza alilo nalo limemfanyia nini. Malalamiko huwa ni yale yale: mkia ulianza kucheza kwenye mteremko wa Salgaa, nguo zilifika Kericho zimelowa chapachapa, keria ilikatika njia ya vumbi ya Mau Narok, mfuko wa pembeni ulitobolewa na ekzosi. Ndiyo maana nimepanga mambo hapa kwa dalili. Tafuta inayokusumbua, kisha anza na chanzo cha kwanza, maana ndicho kinachotokea mara nyingi na ndicho rahisi kukagua.

Msimamo wangu niuseme mapema: begi ndilo la mwisho kulaumiwa. Kwanza uzito na mahali ulipokaa, pili chuma kinachoubeba, begi baadaye. Watu huuza begi la bei nafuu, wakanunua la bei ghali, na ugonjwa ukabaki pale pale.

## Kabla ya yote, mizani

Beba vitu vyako hadi duka la nafaka lenye mizani ya kuning'iniza, uombe kupimiwa mfuko mmoja mmoja. Andika. Kisha fungua kitabu cha pikipiki utafute uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kubebwa. Uzito huo huhesabu mwendeshaji, abiria na mizigo kwa pamoja. Mtu wa kilo 85 aliyempakia mwenzake wa kilo 70 kwenye pikipiki ya cc 125 au 150 mara nyingi amekwisha kufika kikomo, au amebakiza kilo chache tu, kabla hajafunga hata soksi.

Sanduku la nyuma nalo lina kikomo chake, kimeandikwa ndani ya kifuniko au kwenye bamba linaloshikilia sanduku. Mara nyingi ni kati ya kilo 3 na 10. Nafasi ya lita 45 haikupi ruhusa ya kilo 45. Na petroli ya akiba ya nini? Kati ya Nakuru, Kericho na Kisumu, kilomita karibu 185, vituo vya mafuta vimejaa njia nzima. Acha dumu nyumbani.

Utakutana na mtu atakayekuambia yeye hubeba gunia zima na hakuna kilichowahi kutokea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usipokee ushauri wa kilo kutoka kwa mtu asiyeendesha pikipiki yako.

## Dalili: usukani unatikisika au mkia unacheza

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, nayo ina sura mbili. Ya kwanza, usukani peke yake unapigapiga kushoto na kulia kwa kasi, hasa unapopunguza mafuta. Ya pili, pikipiki nzima inajinyonganyonga polepole kuanzia nyuma, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo inavyozidi. Zote mbili huletwa na mambo haya, nikianza na linaloonekana zaidi.

Uzito uko nyuma mno na juu mno. Kilo inayokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hulemeza nyuma na papo hapo huinua mbele. Chukua pikipiki ambayo ekseli zake mbili zimeachana sentimita 130. Ukiweka kilo 10 sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linapungukiwa karibu kilo 3. Weka kilo 20 na mbele kumepungua kilo 6. Hapo bado uko tambarare. Panda kilima cha Nyang'ori ukitoka Kisumu, uzito unazidi kurudi nyuma, na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Dawa: vitu vizito, yaani spana, kufuli, maji na vyakula vya makopo, vishushwe kwenye mifuko ya pembeni, na ndani ya mfuko visogezwe upande wa mbele karibu na goti lako. Sanduku la nyuma libaki na koti, mkate na sweta.

Pande hazilingani. Hema limeenda kushoto kwa sababu ndiko lilikoingia, na kulia kuna nguo tupu. Jaribu tofauti ya pande mbili isizidi kilo moja.

Upepo wa tairi ni ule wa kuendea kazini. Watengenezaji wengi huandika vipimo viwili kwa tairi la nyuma, cha mtu mmoja na cha watu wawili, kwenye kibandiko kilicho kwenye kinga ya mnyororo au karibu nayo. Ukiwa na mizigo ya safari, tumia kile cha watu wawili. Pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Mzigo wenyewe unacheza. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika begi kwa mikono miwili ulitikise. Likitembea peke yake, tatizo ni mikanda. Keria ikitembea nalo, tatizo ni boliti. Mkia wote ukitembea kwa ubavu, soma chanzo cha mwisho cha dalili hii, kile cha chuma.

Boksi limekuwa tanga. Yale maboksi makubwa ya kupelekea chakula mjini ni mazuri kwa kazi yake, lakini sura yake ya mraba hushika upepo wa ubavu. Utaliona hilo kwenye nyanda za Ahero alasiri upepo ukivuma kutoka ziwani, au trela inapokupita na kukuvuta. Kwa safari, chochote kinachozidi upana wa usukani au kinachopanda juu ya mabega yako kiache.

Chanzo cha nadra zaidi ni chuma: beringi za shingo ya usukani, bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma, au rimu iliyopinda. Kipimo chake ni rahisi. Toa mizigo yote, rudia kipande kile kile cha barabara kwa mwendo wa tahadhari. Ukiisha mtikisiko, rudi kwenye mpangilio. Ukibaki, simama hapo. Usifunge mzigo tena mpaka fundi wa pikipiki akague beringi, bushi na rimu. Hakuna mkanda unaotibu beringi.

Dalili hii ikikuanza ukiwa mwendoni, usibane breki ghafla wala usiongeze mafuta ukidhani utaipita. Legeza vidole bila kuachia usukani, inamisha kifua kuelekea tangi, rudisha mafuta polepole, uiache pikipiki ipungue yenyewe. Kisha toka kando ya barabara kabisa.

## Dalili: mzigo unahamia upande mmoja

Mashtaka mengi hapa yanauangukia mpira wa tyubu uliokatwa vipande, ule ambao kila mwanaboda anao. Mimi siutupi. Ni wa bei ya chini na haukwaruzi kitu. Ila mpira hunyumbuka, na kila tuta mzigo unaruka kidogo na kutua pembeni kidogo. Baada ya matuta ya mji mmoja tu, begi lililokuwa katikati linaangalia shamba la mtu. Mzigo mkuu ushikwe na mikanda isiyonyumbuka, ya kibano cha kuvuta kwa mkono, miwili kwa uchache, ikienda kwenye pembe nne tofauti. Juu yake mpira unaruhusiwa kushika koti la mvua.

Mikanda ya raketi, ile ya kukaza kwa mpini kama wanavyotumia kwenye malori, ina nguvu kuliko inavyohitajika. Inavunja sanduku, inapinda mirija ya keria, nawe unadhani umefunga vizuri. Iachie lori.

Kama mikanda ni sawa na bado inalegea, tazama begi limefungwa wapi. Mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha hewa ukiufunga Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, halafu ukateremka Eldoret na Kapsabet hadi Kisumu, mita karibu 1,130, hewa iliyomo hubanwa na mfuko hupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, hata ukihesabu joto la huko chini. Mkanda uliokuwa umekaza sasa unaning'inia. Ukipanda, mambo ni kinyume: mfuko unavimba. Kandamiza hewa yote nje kabla ya kukunja mdomo, na kaza upya kila unapotoka nyanda za juu kwenda za chini.

Mahali pengine pa kukagua ni chini ya begi. Kiti laini cha ngozi bandia huteleza kikipata vumbi. Kipande cha mpira wa tyubu kilichopasuliwa na kutandazwa kati ya kiti na begi hushika vizuri sana, na hapo ndipo mpira wa tyubu unapofaa kuliko popote.

Onyo la mikia ya mikanda. Mkanda unaoning'inia ukiingia kwenye spoki au mnyororo hufunga gurudumu la nyuma papo hapo. Kila ncha ikunjwe, ifungwe kwa mpira mdogo, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono huku ukitazama kabla ya kuwasha. Mipira yenye ndoano za chuma isiinamiwe ikiwa imevutwa. Ndoano ikichomoka huja usoni.

## Dalili: vitu vimelowa

Kericho na Nandi Hills haziombi ruhusa. Asubuhi jua, alasiri mvua, na mara nyingine ya mawe. Anayetoka Nakuru kwenda Kisumu na kuahirisha hadi baada ya chakula cha mchana ajue atakutana na mvua kwenye mashamba ya chai. Lakini si kila maji yaliyo ndani ya begi yametoka juu.

Kwanza mdomo. Mifuko ya kukunja huhitaji mikunjo mitatu kamili, iliyonyooka, kabla ya vibano kufungwa. Begi likijazwa hadi shingoni, mkunjo mmoja tu ndio unaowezekana, na mkunjo mmoja hauzuii kitu. Toa sweta moja.

Pili, kifuniko cha mvua. Begi la kawaida lenye kifuniko cha kuvalisha hulowa kutoka chini. Gurudumu la nyuma hurusha maji juu, maji huingia nyuma ya kifuniko, hukusanyika kwenye kitako chake, na begi linakaa ndani ya bwawa. Toboa tundu dogo mahali pa chini kabisa pa kifuniko, uliwekee pete ya chuma. Na upepo hukivua, kwa hiyo kishikwe na mkanda juu yake.

Tatu, mishono. Begi likiwa limeshonwa tu bila kuzibwa, kila tundu la sindano ni mlango. Nne, matundu ya kusuguliwa, hasa pale begi linapogusa keria. Ingia chumba chenye giza na tochi inayowaka ndani ya begi, ulizungushe taratibu. Tundu utaliona kama nukta ya mwanga. Kama hulioni na bado linavuja, lijaze hewa, funga mdomo, paka maji ya sabuni, utafute mapovu.

Kiraka cha kuzibia tyubu watu hukijaribu kwenye mifuko ya PVC, ile plastiki ya maturubai ya malori, na kesho yake kimebanduka. Gundi ya tyubu ni ya mpira, haishiki PVC. Tafuta gundi ya PVC, au mpelekee fundi wa maturubai akuunganishie kwa joto.

Masanduku magumu huvuja kwa sababu mbili: kifuniko kimelazimishwa juu ya vitu vilivyozidi, au mpira wa ukingoni una mchanga. Futa mpira, punguza vitu, basi. Sanduku lililowahi kuangushwa na kona ikapinda ni habari nyingine. Weka karatasi kwenye ukingo, funga, uivute. Inapotoka bila kukwama ndipo maji yanapoingia.

Na kama ni unyevu tu, bila maji ya kuonekana, pengine umefungia taulo bichi pamoja na nguo kavu halafu ukashuka kwenye joto la Ahero.

Zamani mtu alitia nguo kwenye mifuko ya nailoni ya dukani ndani ya begi. Mifuko ile ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata hivyo ilikuwa inapasuka. Mifuko midogo miwili au mitatu ya turubai nyepesi, ya kukunja mdomo, ndani ya begi lolote lile, inafanya kazi kuliko kifuniko cha nje cha bei yoyote. Huu ndio ununuzi wa kwanza ninaomshauri mtu.

## Dalili: harufu ya plastiki

Simama, zima injini. Usivute begi kwa mkono mtupu. Plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Fungua au kata mkanda, liache lidondoke upande wa pili.

Chanzo cha kawaida ni kwamba begi lilipimwa likiwa tupu. Likijazwa linashuka, na kwenye matuta linashuka zaidi. Lijaze, kalia pikipiki na mwenzako, kisha pima: kati ya begi na ekzosi pawe na vidole vinne au zaidi. Chanzo kingine ni mguu wa abiria unaolisukuma. Gunia la plastiki huyeyuka kwa nyuzi joto 160 na kitu, nailoni ya kawaida ya mabegi kwa karibu 220, na bomba la ekzosi linaweza kuzipita zote mbili. Kitambaa ghali hakitakuokoa. Kinachookoa ni nafasi ya hewa. Fundi wa bati anaweza kukutengenezea kinga ya bati iliyosimama mbali na bomba kwa vipande vya bomba dogo, ili hewa ipite katikati.

Ikiwa nyaya za indiketa zimeyeyuka pamoja na begi, usizifunge kwa utepe uendelee. Nyaya zikigusana huunguza fyuzi, au zaidi ya fyuzi. Hapo ni fundi wa umeme wa pikipiki.

## Dalili: keria imepasuka, boliti zinadondoka

Keria nyingi za pikipiki ndogo zilibuniwa kwa mzigo wa mjini, si kwa kilomita mia za barabara iliyofanya mawimbi. Chuma hakikatiki kwa tuta moja kubwa. Hukatwa na mtikisiko mdogo usiokoma, na mtikisiko huanza boliti ikilegea. Kwa hiyo dawa ni boliti kwanza, ufa baadaye.

Beba spana namba 10, 12 na 13. Kaza zote kabla ya kuondoka, kisha chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka nati na kuingia kwenye chuma. Kila unaposimama kunywa chai, tazama tu. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Nati zinazorudia kulegea zibadilishwe kwa zile zenye pete ya plastiki ndani, na zisirudiwe mara nyingi, maana plastiki hiyo huchakaa. Boliti iliyopotea isibadilishwe kwa yoyote iliyopo. Ikiwa nyembamba inacheza ndani ya tundu na kulipanua.

Ufa wenyewe haujitangazi. Futa keria kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, ikauke, kisha mulika tochi kwa ubavu. Kwenye rangi nyeusi utaona uzi mwembamba wa kahawia, mara nyingi ukingoni mwa mshono wa kuchomelea, si katikati yake. Pitisha ukucha. Ukikwama, ni ufa. Ukiteleza, huenda ni mkwaruzo wa rangi, lakini utazame tena kesho.

Keria iliyopasuka ifunguliwe na ipelekwe peke yake kwa fundi wa kuchomelea. Usimruhusu achomelee ikiwa kwenye pikipiki, karibu na tangi na betri. Mwambie aongeze kipande cha pembetatu kwenye kona, si kurundika chuma juu ya ufa. Ukirudisha mzigo ule ule mahali pale pale, itapasuka sentimita moja pembeni. Keria ya aluminiamu inahitaji fundi mwingine, mwenye mashine ya gesi ya agoni. Vijiti vya kawaida vya chuma haviishiki.

Ufa ukiwa kwenye fremu ya pikipiki yenyewe, pale keria inapofungwa, safari imeishia hapo. Shusha mzigo wote. Fremu haichomelewi kando ya barabara na yeyote mwenye jenereta. Inaweza kupinda kwa joto ukaendesha pikipiki inayokwenda upande. Ipakie kwenye pikapu, ipeleke kwa wakala au fundi anayejulikana kwa kazi ya fremu.

## Dalili: inakita kwenye matuta, au kuna kitu kinasugua

Inama utazame chini ya madigadi ya nyuma. Ukiona mstari unaong'aa au unga mweusi wa mpira, tairi inagusa. Ikiwa alama iko kwenye mfuko wa pembeni, usiendelee hata kilomita moja. Mfuko laini usio na fremu ya kuuzuia unaweza kuvutwa na gurudumu.

Pikipiki yenye shokamzoba mbili nyuma huwa na ngazi kadhaa za kukaza springi, zinazozungushwa kwa spana ya ndoano. Panda ngazi moja au mbili kabla ya kupakia. Jambo linalosahaulika: pande zote mbili ziwe ngazi moja. Nimeziona pikipiki zilizokazwa kushoto tu kwa sababu kulia ekzosi ilikuwa ya moto.

Nyuma kukizama, taa ya mbele inaangalia mawingu na kila dereva anakuwashia full. Usiku isimamishe mbele ya ukuta ikiwa na mzigo, ushushe mwanga. Ukiona mafuta yamechuruzika kwenye shokamzoba, hakuna cha kukaza hapo. Ni kubadilisha, na zibadilishwe zote mbili.

## Ndogo ndogo

Zipu imekwama. Ni vumbi. Piga mswaki mkavu kwanza, kisha sugua mshumaa. Ukianza na mafuta, umetengeneza udongo. Kwa anayezunguka njia za vumbi za Kabarnet au Mlima Elgon, mdomo wa kukunja una maisha marefu kuliko zipu yoyote.

Mabega yanauma. Begi la mgongoni libaki na maji na koti. Kufuli la chuma na spana mgongoni, ukianguka, ndivyo vitakavyokutana na uti wa mgongo.

Begi la juu ya tangi linabonyeza honi ukikata kona. Geuza usukani hadi mwisho pande zote kabla ya kuondoka. Yale ya sumaku hayashiki tangi la plastiki wala aluminiamu, na vumbi likibaki chini yake linachubua rangi.

Trafiki amekusimamisha. Tembea hatua kumi nyuma ya pikipiki iliyopakiwa, mwenzako akanyage breki na kuwasha indiketa. Usipoona taa na namba ya usajili, trafiki naye haoni, na lori lililo nyuma yako halioni pia.

## Kama bado hujanunua

Angalia njia kabla ya duka. Lami tupu, Nakuru hadi Kisumu na kurudi, masanduku magumu yanakufaa. Yanafungwa kwa kufuli, unaweza kukaa ufukweni ukala samaki bila kugeuka kila dakika. Yasipite upana wa usukani, la sivyo Kondele, Kisumu, jioni utajifunza kukwaruza magari ya watu. Njia ya vumbi, matope ya Nandi, au mapito ya Elgeyo, chukua mifuko laini. Ukiyumba ukatua mguu, sanduku gumu la pembeni linaweza kuukanyaga kwa nyuma likauvunja. Mfuko hujikunja. Na ukianguka, sanduku hupeleka kishindo chote kwenye fremu.

Kwa pikipiki ya cc 100 hadi 150, chaguo langu ni mifuko miwili laini ya pembeni inayoning'inia kama shogi la punda, ikiwa na fremu nyembamba ya chuma ya kuizuia isiguse gurudumu, na mfuko mmoja wa kukunja uliolala kukingama nyuma yako juu ya kiti. Keria ibaki tupu au ibebe kitu chepesi sana. Ukiwa na abiria, ule mfuko wa kukingama ndio unaorudi kwenye keria, na ndipo mizani inakuwa na neno la mwisho.

Mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu, ina mabegi mazuri. Kagua vibano, maana kitambaa kinaweza kuwa kizima na plastiki ya vibano imekauka kwa jua. Bana na kuachia kila kimoja mara kadhaa. Kikilia, kiache.

Lakini kwa bei, sijaona kinachoshinda fundi anayeshona maturubai ya malori na viti vya matatu. Mpelekee picha na vipimo vya fremu yako. Mwambie atumie turubai la PVC la lori, kitako kiwe kipande kimoja kisicho na mshono, mdomo uzidi sentimita 25 kwa ajili ya mikunjo, na uzi uwe wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba huoza. Vitanzi vya mikanda vishonwe juu ya kipande cha ziada, mraba wenye msalaba ndani, visitegemee mstari mmoja wa uzi. Upande wa ndani unaogusa fremu uwekewe ubao mwembamba wa plastiki ngumu ili mfuko usibonyee kuelekea gurudumu. Lipa nusu. Siku ya kuchukua, nenda na magazeti makavu, yajaze ndani, kunja mdomo mara tatu, umwombe mtungi wa maji aumimine juu na kwenye mishono mbele yako kabla ya kutoa salio.